Duka la Dawa la Wete Lililotaka Kujua Maradhi Yote ya Mzee Wangu

Duka ninalolieleza hapa lipo Wete, Pemba, karibu na barabara inayoteremka bandarini. Ni chumba kimoja kipana chenye kaunta ya kioo, friji ya dawa nyuma ya kaunta, na benchi la mbao ambalo asubuhi hujaa wazee kabla ya duka kufunguliwa. Nimelitumia kwa miezi 22, tangu wiki ambayo majibu ya kipimo cha kinyama kilichotolewa mwilini yalithibitisha kwamba baba yangu ana saratani ya mapafu hadi siku chache baada ya kumzika, na katika muda huo nilikwenda pale mara nyingi kuliko nilivyokwenda sokoni. Mwenyewe, mwanamke aliyesomea ufamasia ambaye mtaa mzima humwita Dokta, alinisihi nisiandike jina lake wala la duka. Nimemtii, lakini sikukubali kunyamaza kuhusu huduma yake, kwa sababu inahusu jambo ambalo sisi wenye wagonjwa wa saratani tunalikuta tukiwa tumeshachelewa: mgonjwa wa saratani ya mapafu mara nyingi ana maradhi mengine mwilini, na hayo mengine yana sauti kubwa katika kuamua ataishi muda gani.

Siku ya kwanza tulikwenda na karatasi moja ya dawa, tukiwa na haraka ya kurudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Dokta alimsalimia baba, akaisoma karatasi, kisha akaiweka juu ya kaunta bila kugusa dawa yoyote.

"Mzee, hizi nimeziona. Nyumbani kuna nyengine?"

"Zipo, mwanangu. Za presha, za sukari, na hizi za maumivu ya mgongo."

"Basi naomba mniletee zote. Hata za miti shamba, hata zilizokwisha muda. Sitokupeni hizi mpaka nizione hizo."

Nakiri kwamba nilikasirika. Baba alikuwa amechoka na kikohozi kilikuwa kinamkata pumzi kila hatua kumi. Nikamwacha kwenye benchi, nikarudi nyumbani, nikazikusanya dawa zote katika mkoba wa ukili aliokuwa akiutundika nyuma ya mlango. Dokta alizimwaga kwenye sinia na kuzipanga moja baada ya nyingine: losatani ya presha, kidonge cha kukojoza, metformini ya sukari, dawa ya kuvuta ya kifua, chupa mbili za dawa ya kikohozi zilizofunguliwa, unga wa habasoda, na pakiti tatu za diklofenaki za maumivu ya mgongo ambazo baba alikuwa akizinunua katika duka jingine bila ya karatasi ya daktari, akinywa vidonge viwili na siku nyingine vitatu kwa siku. Mkono wa Dokta ulisimama kwenye hizo pakiti tatu.

Alitueleza polepole, akimtazama baba na si mimi. Losatani na kidonge cha kukojoza kila kimoja kina kazi yake njema kwa mtu mwenye presha, lakini vyote viwili hubadilisha jinsi damu inavyopita na kuchujwa katika figo. Ukiongeza diklofenaki juu yake, dawa ambayo nayo huibana mishipa inayopeleka damu kwenye figo, unazibebesha figo mzigo wa watu watatu, na mtu mzima mwenye kisukari anaweza kuharibikiwa na figo bila kuhisi maumivu yoyote. Alituelekeza tukapime siku ileile kreatinini, yaani taka ya damu ambayo hupanda figo zikishindwa kuichuja. Majibu yalikuja yakiwa juu.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini hakutaka kutupatia dawa. Miongoni mwa dawa za saratani ya mapafu zinazotumika sana ni za jamii ya platini, na mojawapo, sisplatini, ni kali kwa figo. Mgonjwa anayepewa sisplatini hutiliwa maji mengi kwenye mshipa ili figo zisafishike. Mwenye moyo dhaifu hawezi kuyabeba maji hayo, na mwenye figo dhaifu hawezi kuibeba dawa yenyewe. Dawa hiyo pia hudhuru neva za mikono na miguu pamoja na masikio, kwa hiyo mtu ambaye kisukari kimeshamtia ganzi nyayoni anaweza kuishia kushindwa kufunga vifungo vya shati. Kwa mgonjwa mmoja tu, maradhi matatu ya zamani yanaweza kuifunga njia moja ya tiba. Ipo dawa ndugu yake, kaboplatini, ambayo ni nafuu kwa figo, na tangu mwaka 1989 ipo kanuni ya hesabu inayomwezesha daktari kuipima dozi yake kwa kufuata nguvu ya figo za mgonjwa. Hata hivyo, kanuni hiyo hutegemea kreatinini iliyopimwa, na kreatinini iliyoharibiwa na vidonge vya mgongo ingempotosha daktari yeyote.

Baba aliacha diklofenaki siku hiyo. Dokta alimpigia simu daktari aliyekuwa akimtibu presha, na kwa ruhusa yake kidonge cha kukojoza kikasimamishwa kwa muda, naye baba akapewa parasitamoli kwa mgongo. Baada ya wiki tatu kreatinini ilishuka, na tulipovuka bahari kwenda Dar es Salaam kwa rufaa, alikuwa na figo zinazotosha kupewa kaboplatini pamoja na mionzi. Siwezi kuapa ingekuwaje kama tungekwenda na figo za mwanzo. Ninachojua ni kwamba daktari aliyempokea, alipoliona daftari la Dokta likiwa na kreatinini mbili zenye tarehe zake na maelezo ya kilichobadilika kati yake, alilisoma lote kabla ya kumwambia baba neno.

Daftari hilo ndilo sehemu ya huduma ninayoisifu kuliko zote. Ni daftari la kawaida la skuli, lenye mistari, ambalo duka humpa kila mgonjwa wa maradhi ya muda mrefu bila malipo. Ukurasa wa kwanza una maradhi yote kwa mpangilio wa mwaka yalipoanza. Wa pili una dawa zote, dozi na nani aliyeziandika. Kuanzia wa tatu ni vipimo vya presha, sukari, oksijeni na uzito. Pembeni mwa orodha ya maradhi ya baba Dokta aliandika tarakimu ndogo, nami nilipomuuliza zina maana gani, alinieleza kuhusu kipimo kilichotungwa na daktari Mary Charlson na wenzake nchini Marekani mwaka 1987. Walichukua maradhi 19 na kuyapa uzito kwa kadiri yanavyoongeza hatari ya kifo: maradhi ya kawaida ya moyo, mapafu au kisukari kisichoharibu viungo hupata 1, figo zilizoharibika kwa kiasi kikubwa hupata 2, ini lililoharibika vibaya hupata 3, na saratani iliyosambaa hupata 6. Unapotaka kujua maradhi mengine yanamlemea kiasi gani mgonjwa wa saratani ya mapafu, unaiweka saratani yenyewe kando na kuyajumlisha yaliyobaki. Baba alikuwa na 1 ya kisukari na 1 ya maradhi sugu ya mapafu. Kama figo zingeharibika na kubaki hivyo, angeongezewa 2. Presha peke yake, jambo lililonishangaza, haimo katika orodha hiyo. Inaingia kwa mlango wa madhara yake, yaani kiharusi, moyo kushindwa na figo.

Dokta alisisitiza kwamba tarakimu hizo si hukumu ya mtu. Zinamsaidia daktari asisahau. Alinieleza pia kwamba jumla ileile haina uzito uleule kwa kila mgonjwa. Saratani ya mapafu ikigunduliwa ikiwa bado ndogo, mgonjwa ana nafasi nzuri ya kuishi miaka mingi, na hapo ndipo moyo, kisukari na mapafu sugu vinapopata muda wa kuamua hatima yake. Saratani ikiwa imeshasambaa kwenye ini, mifupa au ubongo, yenyewe ndiyo inayotawala, na maradhi mengine hubaki na sehemu ndogo zaidi katika hesabu ya uhai ingawa bado yanaamua ni tiba gani atakayoistahimili. Marekani, ambako takwimu hizi zinakusanywa kwa makini, zaidi ya nusu ya wanaogunduliwa saratani ikiwa haijatoka kwenye pafu huishi miaka 5 au zaidi. Kwa waliogunduliwa ikiwa imesambaa mbali, ni kama mmoja tu kati ya 10. Duniani kote, mwaka 2022, watu wapatao milioni 2.5 waligunduliwa kuwa na saratani hii na wapatao milioni 1.8 walifariki kwayo, idadi kubwa kuliko ya saratani nyingine yoyote.

Ninawaomba wasomaji wavumilie maelezo haya katika tathmini ya duka, kwa sababu kwangu ndiyo bidhaa niliyoipata pale. Vidonge vinauzwa kila pahala. Mtu wa kukueleza vinavyogombana ni nadra.

Maradhi mengine hayakuanza kumdhuru baba siku ya tiba. Yalimdhuru kabla, kwa kuificha saratani. Alivuta sigara miaka 41, na kifua chake kilikuwa kibovu kwa muda mrefu. Kikohozi kilipobadilika sauti, sote tulisema ni kifua chake kilekile. Hospitali moja alikokwenda mwanzo ilimwongezea dawa ya kuvuta, nyingine ikaona kivuli kwenye picha na kufikiri ni kifua kikuu, na miezi minne ikapita hivyo. Sisemi haya kwa kulaumu tu. Kovu la kifua kikuu na uvimbe wa saratani vinaweza kufanana katika picha ya kawaida ya kifua, kikohozi na kukonda ni dalili za vyote viwili, na katika nchi yenye kifua kikuu kingi ni jambo la busara kuanza kukitafuta. Tatizo ni pale kipimo cha makohozi kinaporudi safi, au dawa zinapotumika bila mabadiliko, na hakuna anayeuliza swali la pili. Dokta ana desturi nzuri juu ya hili: mzee yeyote mvutaji anayefika mara ya tatu kununua dawa ya kikohozi hauziwi, bali huandikiwa barua ya kwenda hospitali kupiga picha. Nimewaona watu wakiondoka kwa hasira. Baadhi yao hurudi kumshukuru.

Kuhusu sigara, nilitarajia amkaripie baba, naye baba alikuwa ameshajiandaa kukaripiwa. Dokta alimwambia tu kwamba wanaoacha hata baada ya kugunduliwa huishi muda mrefu zaidi kwa wastani kuliko wanaoendelea, kwamba mionzi na dawa hufanya kazi vyema zaidi kwa asiyevuta, na kwamba kidonda hupona upesi. Baba akamuuliza, "Kwa umri huu, mwanangu?" Akajibiwa, "Kwa umri huu hasa, mzee." Hakuvuta tena. Alianza kutafuna karafuu, kama wanavyofanya wengi hapa kwetu.

Kipindi kigumu zaidi kilikuwa cha tiba ya dawa. Pamoja na dawa za saratani hutolewa deksamethasoni, ambayo huzuia kutapika na kupunguza athari za mzio, lakini hupandisha sukari. Dokta alitutahadharisha mapema na kutukodisha mashine ya kupimia sukari kwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Siku ya pili baada ya dozi ya kwanza tulikuta sukari imepanda hadi milimoli 18.6 kwa lita. Kama tusingepima, tungedhani uchovu na kiu ni athari za dawa ya saratani, kwani ndivyo tulivyokuwa tumeambiwa na majirani, na huenda angepoteza fahamu. Daktari wake aliongezewa taarifa kwa simu, akabadilisha dawa za sukari kwa siku zile tu za deksamethasoni, na dozi zilizofuata hazikukatizwa. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa maana tiba inayokatwa katikati au kucheleweshwa kwa sababu ya sukari, moyo au maambukizi ni moja ya njia ambazo maradhi mengine hupunguza maisha ya mgonjwa wa saratani bila kuandikwa popote.

Kuna kipimo kingine alichonifundisha ambacho hakihitaji mashine. Madaktari wa saratani hutazama mgonjwa anajiwezaje, kwa daraja kuanzia 0, yaani mtu anafanya shughuli zake zote, hadi 4, mtu asiyeweza kujihudumia na asiyetoka kitandani. Daraja la 2 ni yule anayejihudumia mwenyewe, hawezi kazi, lakini hutumia zaidi ya nusu ya saa zake za kuwa macho akiwa hajalala wala kuketi kwa udhaifu. La 3 ni yule ambaye nusu hiyo na zaidi inampata kitandani au kitini. Mpaka huo kati ya 2 na 3 hutumika sana kuamua nani apewe dawa kali. Lakini Dokta alinionesha kwamba daraja hilo linaweza kufanywa baya zaidi na maradhi yanayotibika: upungufu wa damu, dawa ya kuvuta isiyovutwa sawasawa, miguu iliyojaa maji kwa sababu ya moyo. Alimtaka baba avute dawa yake mbele yake na akagundua kwamba kwa miaka yote alikuwa haifikishi kifuani. Ilikuwa ikibaki mdomoni. Alimpa chombo cha plastiki cha kuvutia, akamfundisha kuhesabu hadi 10 akiwa amezuia pumzi, na wiki ya pili baba akaenda msikitini kwa miguu. Hakuna aliyemponyesha saratani siku ile. Aliyekuwa akionekana mgonjwa wa daraja la 3 alikuwa mgonjwa wa daraja la 2 mwenye kifua kisichotibiwa vyema.

Sasa kasoro, kwani zipo na ni haki zisemwe. Duka halina pahala pa faragha. Mambo ya choo, ya usiku na ya VVU huulizwa kwa sauti ya chini mbele ya benchi lililojaa, na Pemba sauti ya chini huwafikia watu wengi. Pazia moja kwenye kona lingetosha. Pili, vijiti vya kupimia sukari hukosekana mara kwa mara bahari inapochafuka na mizigo kuchelewa, na mara mbili ilinibidi nivifuate Chake Chake. Tatu, bei ya kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni ilikuwa shilingi 45,000, kubwa kwa familia nyingi za hapa. Ningependa nacho kikodishwe kama mashine ya sukari.

Kasoro iliyo kubwa ni ya nne. Huduma yote imo kichwani mwa mtu mmoja. Dokta aliposafiri wiki mbili kwenda Unguja kwenye msiba, kijana aliyebaki alikuwa mpole na mwaminifu wa pesa, lakini alituuzia dawa bila kufungua daftari, na nilipolifungua mwenyewe aliniambia hajui kulisoma. Wiki hiyo miguu ya baba ilianza kujaa. Nilipompigia simu, Dokta alinielekeza nimpime uzito kila asubuhi kabla ya chai na niende hospitali ukiongezeka kilo 2 kwa siku tatu. Uliongezeka, tukaenda, na moyo ukakutwa dhaifu. Nilimwambia aliporudi kwamba afundishe mtu wa pili, naye alinisikiliza bila kujitetea. Sasa kijana yule anajaza kurasa za vipimo, na nimemwona akimtuma mzee mmoja kurudi nyumbani kuleta dawa zake.

Kwa yote haya duka halitozi chochote zaidi ya bei ya bidhaa na kodi ya mashine ya sukari. Hufunguliwa saa moja asubuhi, hufungwa kwa sala, na Ijumaa hufunguliwa tena baada ya alasiri. Ukienda kwa mara ya kwanza, nenda na kila kilichomo nyumbani na jina la kila daktari, na usiende na haraka.

Baba alifariki mwezi wa 22, alfajiri, akiwa amekwisha kutawadha. Picha ya kifua aliyopigwa mwezi uliotangulia ilionesha kwamba uvimbe uko palepale ulipoachwa na mionzi. Kwenye karatasi daktari aliandika moyo. Siku ya nne baada ya mazishi niliuchukua mkoba wa ukili nikaupeleka dukani, kwa kuwa sikujua la kufanya na dawa zilizobaki na sikutaka zikae nyuma ya mlango. Dokta alizimwaga kwenye sinia lilelile. Alizihesabu zote, akaziandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari pamoja na tarehe, akazitia kwenye boksi la dawa za kuteketezwa, hata zile ambazo pakiti zake hazikuwa zimefunguliwa na ambazo angeweza kuziuza. Kisha akanirudishia mkoba na daftari.

"Daftari kaa nalo," aliniambia. "Na wewe njoo wiki ijayo nikupime presha."